Klachi ya mafuta ikivuja, usikimbilie pleti

Jamaa yangu mmoja alinunua Suzuki Bandit 1200 iliyotumika. Asubuhi moja alibana klachi, leva ikaenda mpaka ikagusa usukani bila ubishi wowote, kama anabana hewa. Fundi akaitazama dakika mbili, akatoa hukumu: “Kaka, klachi imekwisha hii. Tafuta pleti.” Pleti zikatafutwa kwa shida, zikafungwa, gasketi mpya ikawekwa, oili ya injini ikabadilishwa. Leva ikabaki vilevile. Muda wote huo, chini ya kifuniko cha sproketi ya mbele palikuwa na tone la majimaji, na hakuna aliyeuliza limetoka wapi.

Pleti zilizong'olewa zilikuwa nzima. Kilichokufa kilikuwa kiraba cha duara kisichozidi mdomo wa kikombe cha kahawa.

Simlaumu sana fundi yule. Mkono wake umekomaa kwenye Boxer na TVS, ambako klachi huvutwa kwa kebo. Kwenye kebo, leva ikilegea unakaza nati ya kurekebishia. Ukiishiwa na uzi wa kukaza na bado gia zinasumbua, ni haki kuanza kuzishuku pleti. Lakini sasa pikipiki kubwa zilizotumika zimeongezeka mitaani, na nyingi kati yake hazina kebo ya klachi kabisa. Halafu lugha yetu ya gereji inaongeza ugumu: neno “klachi” tunalitumia kwa leva, kwa pleti na kwa kila kilichopo katikati. Mtu akisema klachi inavuja, sijui anasema nini mpaka nimuulize.

Kwa hiyo tuyatenganishe majina kwanza.

Klachi yenyewe ni rundo la pleti lililo ndani ya injini, na kwenye pikipiki nyingi limelowa oili ya injini. Springi zinalibana rundo hilo muda wote. Likiwa limebanwa, nguvu ya injini inafika kwenye gia na pikipiki inakwenda. Kazi ya leva ni moja tu: kulilegeza rundo hilo kwa muda ili ubadilishe gia au usimame. Hapo kati, kutoka vidole vyako hadi kwenye pleti, lazima kuwe na mjumbe. Kwenye Boxer mjumbe ni waya. Kwenye Bandit 1200, Hayabusa, Honda VFR800, Kawasaki ZZR1100 au Yamaha FJR1300, mjumbe ni mafuta, mara nyingi yaleyale ya breki, yaliyofungiwa ndani ya paipu.

Mafuta hayo yanaishi katika sehemu tatu. Juu kwenye usukani, upande wa kushoto, kuna kikopo kidogo chenye silinda na pistoni: hiyo ni masta ya juu. Inafuata paipu. Chini, kwenye ubavu wa injini, kuna silinda ya pili yenye pistoni yake, ambayo mafundi wengi huiita masta ya chini. Kusema kweli si masta wa yeyote, inatii tu inachoambiwa na ile ya juu. Lakini jina limeshazoeleka, nami nitalitumia.

Ukitaka kuuona mfumo huu bila kufungua pikipiki, chukua sindano mbili za hospitali zisizo na ncha, moja ndogo na moja kubwa, uziunganishe kwa mrija wa dripu uliojaa maji. Sukuma ndogo, kubwa itasogea. Itasogea kidogo kuliko ulivyosukuma, lakini kwa nguvu zaidi. Kanuni hii aliieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, mgandamizo unafika kila upande sawasawa, na pistoni yenye uso mpana zaidi inapata nguvu zaidi.

Tuweke namba. Tuseme pistoni ya juu ina kipenyo cha milimita 14 na ya chini milimita 35. Uso wa ile ya chini ni mkubwa mara 6.25, kwa hiyo nguvu inazidishwa mara 6.25. Ila hakuna cha bure: pistoni ya juu ikitembea milimita 10, ya chini inatembea milimita 1.6 tu. Na mafuta yote yaliyosukumwa katika mbano huo mmoja ni kama mililita moja na nusu, yaani hayafiki hata theluthi ya kijiko cha chai.

Hapo ndipo penye siri ya ugonjwa wote. Mfumo unaofanya kazi kwa theluthi ya kijiko hauwezi kuvumilia kupoteza matone, wala kuingiza kiputo cha hewa. Mafuta hayagandamiziki, hewa inagandamizika. Kiputo cha nusu mililita kinaweza kumeza theluthi ya safari ya leva yako, na kwenye milimita 1.6 huna cha kugawa.

Haikati, au inateleza?

Kabla ya kushika spana, jibu swali hili, kwa sababu magonjwa haya mawili yanakwenda pande tofauti kabisa.

Klachi isiyokata ni hii: umebana leva mpaka mwisho lakini pikipiki bado inataka kuondoka. Gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, nyutro haipatikani ukiwa umesimama, na ukiwa kwenye taa nyekundu mashine inakusukuma mbele kama punda mwenye haraka. Maana yake pleti hazilegezwi vya kutosha. Mafuta yaliyopungua au kuingia hewa yanaleta hali hii hasa.

Klachi inayoteleza ni kinyume chake: umeachia leva kabisa, unaongeza moto, injini inalia lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani na kwenye gia za juu. Hapo springi zimeshindwa kuzibana pleti, au pleti zimekwisha.

Sasa fikiri. Kinachobana pleti ni springi, si mafuta. Mafuta yakivuja yote yakaisha, springi zitaendelea kubana kama kawaida. Kwa hiyo kuvuja kwa mafuta ya klachi, kwenye pikipiki ya pleti zilizolowa oili, hakuwezi kuleta utelezi. Fundi akikwambia klachi haikati na papo hapo akataka kukuuzia pleti, muulize kwanza ametazama kikopo cha juu.

Zipo hali mbili zisizofuata mkondo huo, na ni vizuri kuzijua. Ndani ya masta ya juu kuna tundu dogo sana, dogo kuliko tundu la sindano ya kushonea, linaloruhusu mafuta kurudi kikopo ukiachia leva. Likizibwa na uchafu, mafuta yaliyopanuka kwa joto hayana pa kurudi. Yanaendelea kusukuma pistoni ya chini hata kama mkono wako uko mbali, na klachi inateleza ikipata moto. Ya pili ni pikipiki za pleti kavu, kama BMW R1150GS. Kwenye hiyo, masta ya chini imekaa nyuma ya giaboksi, na mafuta yakivuja yanaweza kufuata njia ya fimbo ya kusukumia, ile ambayo pistoni ya chini huitumia kuzilegeza pleti, hadi kwenye pleti zenyewe. Pleti kavu ikinywa mafuta ya breki, imekwisha. Mwenye R1150GS anayeona kikopo kinapungua asingoje mwisho wa mwezi.

Kikopo kinachopungua

Huu ni uongo wa kawaida, na hata watu wanaojua pikipiki wanausema: “Mafuta ya klachi yanapungua taratibu, ni kawaida, ongeza tu.”

Uongo huo umeazimwa kutoka kwenye breki. Kwenye breki za diski, pedi zikilika pistoni zinasogea mbele kuzifuata, mafuta yanajaza nafasi iliyobaki nyuma yake, na kikopo kinashuka bila tone hata moja kuvuja. Klachi ni kinyume. Pleti zikilika, rundo linakuwa jembamba, fimbo inarudi nyuma na kuisukuma pistoni ya chini ndani ya silinda yake. Mafuta yanarudishwa juu. Yaani klachi inayochakaa kihalali hupandisha mafuta kwenye kikopo, haishushi.

Kwa hiyo kikopo cha klachi kikishuka, jibu ni moja: kuna mahali panavuja.

Mahali penyewe si pengi. Anza juu. Vuta leva, tazama kwenye kiungo chake, panapoingia pistoni ya masta. Pana kiraba cha kuzuia vumbi. Kifunue kwa kucha. Pakiwa pamelowa, sili ya nyuma ya pistoni, yaani raba inayozuia mafuta yasipite, imechoka. Dalili nyingine ni rangi iliyovimba au kubanduka chini ya masta, maana mafuta ya breki hula rangi bila huruma. Halafu tazama boliti ya banjo, ile yenye tundu ndani inayofunga paipu kila mwisho. Pande mbili za jicho la paipu zina washa za shaba, na washa hizo zimekusudiwa kupondeka ili zizibe. Zikishapondeka mara moja zimeshatumika. Kuzirudisha zilezile ni kujitafutia uvujaji. Paipu yenyewe ikague inapopinda na inapogusana na fremu.

Kisha nenda chini, na huko ndiko nitakakokaa kidogo, maana wagonjwa wengi wanatoka huko. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani za cheni, masta ya chini imefungwa kwenye kifuniko cha sproketi ya mbele. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kuweka raba laini. Cheni inarusha grisi, barabara inatupa vumbi, mvua inaleta tope, na vyote vinatengeneza uji mweusi unaoganda kuizunguka pistoni. Wakati huohuo, ndani, mafuta ya breki yananyonya unyevu. Umewahi kuacha chumvi wazi Tanga au Mombasa wakati wa masika? Asubuhi unaikuta imelowa. Mafuta ya breki yana tabia hiyohiyo, na masta ya chini ndiyo bondeni, uchafu unatuama huko. Silinda ya aluminiamu inaota ukungu mweupe na vishimo, pistoni inapita juu ya vishimo hivyo maelfu ya mara, na mdomo wa sili unakwanguliwa mpaka unaachia.

Shida ni kwamba eneo hilo lina majimaji mengine. Nyuma ya masta ya chini kuna oili sili ya fimbo ya kusukumia, na kando kuna oili sili ya shafti ya sproketi. Zote zinaweza kuvujisha oili ya injini, na oili hiyo ikichanganyika na grisi ya cheni, macho peke yake yanadanganyika. Nina kipimo cha senti sifuri. Futa kabisa, endesha, kisha chota tone lililotoka na ulitie kwenye kikombe cha maji. Mafuta ya breki yanayeyuka na kupotea ndani ya maji. Oili ya injini inaelea na kutandaza rangi za upinde wa mvua. (Kikombe hicho kisirudi jikoni.) Kipimo hiki hakisaidii kwenye pikipiki zinazotumia mafuta ya madini kwenye klachi, ambazo nitazifikia, kwa kuwa hayo nayo yanaelea.

Na ikiwa kila mahali pakavu, kikopo kimejaa, lakini ukishika leva imebanwa kwenye taa unahisi gia inaanza kuvuta taratibu? Hapo mafuta hayatoki nje, yanapenya ndani kwa ndani: sili ya mbele ya masta ya juu imechoka, na mafuta yanaipita na kurudi kikopo. Watu hutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mafuta, mara kumi bila nafuu, kwa sababu hakuna upepo wa kutolewa.

Mafuta gani?

Kifuniko cha kikopo kimeandikwa. Kisome kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, hata mimi.

DOT ni alama ya daraja la mafuta ya breki. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni jamii moja. DOT 4 ikiwa mpya inachemka kwa angalau nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu, kipimo chake cha chini kinashuka hadi 155. DOT 5, licha ya jina, si ndugu yao: ni silikoni, na haichanganywi nao. Alama ya nukta moja kwenye chupa inatenganisha vitu viwili visivyoelewana, na sijui nani aliona huo ni utaratibu mzuri wa kutoa majina.

Kuna pia mifumo ya klachi inayotumia mafuta ya madini, hasa iliyotengenezwa na kampuni ya Magura ya Ujerumani. KTM 950 na 990 Adventure ni mifano. Raba za mifumo hiyo ni za aina nyingine. Ukitia DOT 4 kwenye mfumo wa madini, au mafuta ya madini kwenye mfumo wa DOT 4, raba zinavimba au kulainika, na kesho kutwa unavuja pale palipokuwa pazima.

Kwa sababu hiyohiyo, oili ya injini, haidroliki ya trekta na ile ya usukani wa gari haziingii kwenye kikopo cha DOT 4, hata kwa “kukusogeza nyumbani tu”. Na kwa sababu hiyohiyo kosa kubwa kuliko yote gerejini ni kuosha sehemu hizi kwa petroli au dizeli. Najua ndivyo tunavyoosha kila kitu. Lakini raba za mfumo wa DOT 4 zikionja petroli huvimba kama kandambili iliyosahauliwa kwenye beseni la mafuta ya taa. Tumia spiriti, au mafuta ya breki mapya yenyewe.

Kufungua na kurudisha

Masta ya chini hushikwa na boliti mbili au tatu. Kama unaitoa tu ili kufikia kitu kingine, usiguse leva: hakuna kitu cha kuizuia pistoni, itaruka nje na mafuta yote yatafuata. Kama unakusudia kuifungua, tabia hiyo ni rafiki. Ifungue boliti, iache paipu imeunganishwa, funika kwa kitambaa, bana leva polepole mara kadhaa. Pistoni itajileta yenyewe. Ni salama kuliko kuivuta kwa koleo na kuikwaruza. Funika tangi na rangi kwanza, na uwe na ndoo ya maji, maana mafuta ya breki yakimwagika yanaondoka kwa maji.

Sasa pitisha ukucha ndani ya silinda. Silinda ikiwa laini, ripea kiti inatosha: sili, kiraba cha vumbi, mara nyingine na springi. Ukungu mwepesi unaweza kuondolewa kwa msasa laini sana uliolowa mafuta ya breki. Ukucha ukinasa kwenye kishimo mahali sili inapopita, usipoteze ripea kiti yako. Tafuta silinda nzima, hata iliyotumika.

Niliwahi kuona sili iliyokatwa kutoka kwenye mpira wa tyubu ya tairi. Ilidumu siku mbili, na aliyeikata alijivunia. Tatizo si ukubwa, ni umbo. Sili hii ina mdomo uliofunguka kuelekea mafuta yaliko. Mgandamizo ukipanda, mdomo unapanuka na kujibana zaidi kwenye ukuta. Kipande bapa cha tyubu hakina mdomo. Na hata sili halisi ukiigeuza nyuma mbele haitashika chochote. Ipake mafuta ya breki mapya, isukume kwa kidole, ikae mraba.

Kabla ya kufunga, safisha ile oili sili ya fimbo iliyo nyuma yake na uitazame vizuri, kwani umeshafika. Kisha washa mpya za shaba kila mwisho wa paipu uliofungua.

Kutoa upepo ni kazi ya uvumilivu. Jaza kikopo, chomeka mrija wa plastiki kwenye nipo (kichuchu cha kutolea upepo) ya masta ya chini, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Bana leva, ishikilie, fungua nipo, yakitoka funga, ndipo uachie leva. Mpangilio huo ukiuvunja, ukaachia leva kabla ya kufunga, unanyonya hewa upya. Usiache kikopo kikauke. Gongagonga paipu na masta kwa mpini wa bisibisi ili viputo vipande. Kiputo kigumu mara nyingi kimejificha juu kabisa, kwenye banjo ya usukani, kwa sababu hewa inapanda na wewe unaisukuma ishuke. Nikishindwa, nageuza kazi: najaza sindano kubwa mafuta mapya, naichomeka kwenye nipo ya chini na kusukuma kwenda juu, nikipunguza kikopo kisifurike. Hewa inakwenda inakotaka yenyewe.

Leva ikikaza, endesha, kisha iegeshe juu ya kadibodi safi usiku kucha. Asubuhi angalia kadibodi, angalia na kidirisha cha kikopo.

Bandit ya jamaa yangu ilikuwa na silinda laini, bahati yake. Sili ikabadilishwa saa nne asubuhi, upepo ukaisha kabla ya chakula cha mchana. Zile pleti za kwanza, nzima kabisa, anazo hadi leo kwenye boksi la viatu juu ya kabati, na akija mgeni anayejua pikipiki huziteremsha amwonyeshe.